Unga Ulipoishia

Mimi naitwa Coleta. Kazi yangu ni kusaga mahindi na ulezi wa watu pale Milanzi, Sumbawanga, lakini ukiniuliza mwenyewe nitakwambia mimi ni msomaji. Nitakwambia hata kama hujauliza. Jirani yangu muuza nyanya anajua idadi ya vitabu vyangu kuliko anavyojua umri wa mama yake, na hajawahi kuniomba hata kimoja.

Nina miaka arobaini na tatu, binti mmoja, Sharon, anayesoma Mbeya, na mashine niliyoachiwa na mjomba. Mume nilikuwa naye. Yeye alinishinda kwa tabia, au mimi nilimshinda kwa mdomo, inategemea unamuuliza nani. Mdomo huu nimezaliwa nao Kasense, na kusoma nilianzia hukohuko, kwenye vipande vya magazeti vilivyofungiwa chumvi dukani. Hadithi ilikuwa inakatika pale gazeti lilipochanwa. Basi mwisho wake nilikuwa najitungia, kesho yake nawasimulia wenzangu shuleni kana kwamba nimesoma yote. Ugonjwa wangu ulianzia hapo, ila wakati ule ulionekana kipaji. Niliyekuwa nakaa naye dawati moja, Zita, alikuwa anafumba macho kabisa ananisikiliza.

Miaka mitatu iliyopita nilianzisha grupu la Watsapu la wapenda vitabu, nikaliita Debe la Vitabu, nikajipa uadmini na sijaugawa kwa mtu mpaka leo. Tuko kumi na mmoja, ila wanaoongea ni wanne, wengine ni salamu tu. Wa kwanza ni mimi, bila shaka. Wa pili ni Zita huyohuyo, ambaye siku hizi yuko Laela, anauza chai na vitumbua pale mabasi ya Tunduma yanaposimama. Wa tatu ni Mwalimu Cleophas, mstaafu wa Kasense, ambaye kila asubuhi anaamkiwa shikamoo na watu kumi na anaitikia marahaba kumi, kila moja na jina lake. Wa nne ni Masunga, Msukuma aliyehamia upande wa Laela na ng'ombe wake, mtu wa kutuma sauti tu. Kuandika anajua, lakini anasema vidole vyake vimezoea jembe, akigusa herufi moja zinakuja tatu.

Vitabu vyetu vinasafiri. Mtu akimaliza anakifunga kwenye mfuko wa unga, anampa kondakta wa basi, anaandika kwenye grupu namba ya gari, na mwenzake anakwenda kukipokea. Na kila kitabu tunakipima, si kwa nyota kama wanavyofanya wengine. Kitabu kibovu ni pumba. Kinachosomeka ni kisado. Kizuri ni debe. Kizuri sana ni gunia. Na kile kinachokufanya uache ugali uungue ni lumbesa, gunia lililojazwa mpaka likashonewa kofia. Utaratibu huo niliutunga mimi, nami ndiye niliyekuwa nagawa lumbesa kuliko wote.

Utani wetu ulikuwa hauna adabu. Mimi nilikuwa namwambia Masunga kwamba anapenda tu vitabu vyenye ng'ombe, naye akatuma sauti akisema kwa upole wake kwamba kitabu kisicho na ng'ombe hakijulikani watu wake wanakula nini. Mwalimu nilimwita Mkaguzi, kwa sababu alikuwa akisahihisha nukta kwenye ujumbe wa rambirambi. Na wao waliniita Mama Maktaba. Jina hilo nililipenda vibaya mno. Nililiweka kwenye wasifu wangu.

Sasa niseme ukweli ambao wakati ule sikuwa nimejiambia hata mwenyewe. Mama Maktaba alikuwa hamalizi vitabu. Naanza kwa moto, kiti changu nimekiweka pembeni ya mashine, mkono mmoja kwenye kitabu na mwingine kwenye gunia la mteja. Nikifika ukurasa wa hamsini, sitini, tayari nina hoja, nina vichekesho vya kuandika kwenye grupu, nina kipimo. Kusoma kunakula siku nyingi, lakini kupendekeza ni dakika moja, na sifa unazipata palepale. Nikawa napendekeza. Mwisho wa kitabu nilikuwa naukisia, na mara nyingi nilipatia, maana vitabu vingi mwisho wake unaonekana tangu katikati. Ndivyo nilivyokuwa nikijifariji.

Mwaka jana, mwezi wa sita, Zita alifiwa na mumewe, Yohanes. Jumatatu alilalamika tumbo, Jumanne akalazwa, Alhamisi tukamzika. Nilikwenda Laela kwenye msiba, nikapika, nikalala chini na wenzangu siku nne. Hilo nalisema ili mjue sikuwa mtu mbaya kabisa. Baada ya hapo Zita alinyamaza kwenye grupu. Alikuwa anasoma ujumbe wetu, alama zilionyesha amesoma, ila hakuandika chochote kwa miezi kumi na moja.

Halafu Jumapili moja mchana, nimetoka misa ya pili, simu ikalia. Alikuwa Zita. Aliandika hivi: "Naomba kitabu cha kucheka. Ila asife mtu."

Wenzangu walifanya jambo ambalo mimi silijui, yaani walifikiri. Mwalimu aliandika kwamba atapitia kabati lake na kumjibu kesho. Masunga alituma sauti ya sekunde nne akisema anawaza. Mimi sikuwaza. Nilikuwa nimeshaona nafasi ya kuwa wa kwanza, na rafiki yangu amerudi kuongea, na moyo umenijaa. Nikaandika kabla dakika haijaisha: "Ninacho. Lumbesa. Nimekisoma mara mbili na mara zote mbili nimelia kwa kucheka."

Kitabu chenyewe tulikiita Kitabu Uchi kwa sababu kilinijia bila jalada, mbele wala nyuma, wala jina la aliyekiandika. Mwalimu hakukubali jina hilo, alikiita "kile kitabu kisicho na jalada" kila mara, kwa ukamilifu. Ni hadithi ya fundi uashi mnene mwenye kukoroma, na mkewe mkali, wanaogombania jogoo. Mke anataka achinjwe, mume amempenda. Kurasa zile nilizozisoma zinachekesha kweli, sikudanganya hapo. Nilizisoma kwa siku mbili, siku ya tatu mkanda wa mashine ukakatika, nikashinda natafuta mwingine mjini, na niliporudi Masunga alikuwa ameniletea kitabu kingine. Kitabu Uchi nikakipandisha juu ya rafu. Kuendelea niliendelea kwa mdomo tu.

Jumatatu nikakifunga kwenye mfuko, nikampa kondakta, nikaandika namba ya gari. Jumanne Zita akaandika kwamba amekipokea, na akaweka kikatuni cha kucheka, cha kwanza tangu Yohanes afe. Mwalimu aliandika "Hongera Coleta," bila kusahihisha chochote. Nilitembea Milanzi siku hiyo kama niliyechaguliwa udiwani.

Wiki ikapita kimya. Mimi na subira hatujawahi kujuana. Badala ya kujiuliza mwenzangu ana nini, nilikasirika kwamba hajanishukuru. Nimempa lumbesa na hasemi hata ahsante? Basi nikaandika kwenye grupu, mbele ya watu wote kumi na mmoja, kwamba Zita amecheka mpaka amepoteza simu. Hakujibu. Kesho yake nikaongeza, namuuliza kama jogoo amemdonoa vidole. Nikaweka na vikatuni vitano vya kucheka. Nilivihesabu baadaye, kwa aibu.

Saa sita mchana maandishi madogo ya kijivu yakatokea katikati ya skrini: Zita ameondoka.

Nilifikiri mtandao umechezea. Nikampigia, hakupokea. Nikamwandikia pembeni, sikujibiwa. Jioni hiyo Masunga alinitumia sauti, si kwenye grupu bali kwangu peke yangu, na ilikuwa ndefu kuliko kawaida yake. Alisema alipita Laela kuuza mahindi, akakaa kwa Zita kunywa chai, na Zita akamwekea kitabu mezani, akamwambia akifungue tu, akitazame.

"Dada Coleta," alisema, "mimi si mpelelezi, lakini unga naujua. Mpaka ukurasa wa arobaini ulikuwa unasaga mahindi, alama za vidole vyako ni nyeupe. Kuanzia hapo ulisaga ulezi, zimekuwa za kahawia. Zinafika sitini na moja. Baada ya hapo kitabu ni kisafi, hakijaguswa na mtu. Ukurasa wa themanini na nne yule fundi anaumwa tumbo, analazwa, siku ya tatu anakufa."

Niliirudia sauti ile mara tatu. Mara ya kwanza nilitafuta pa kumkasirikia Masunga, sikupapata. Mara ya pili nilitafuta uongo. Nikaupata haraka, maana hapo nina uzoefu: nitasema nilikisoma zamani katika nakala nyingine, na nakala ile ilikuwa imechanika mwishoni. Ulikuwa uongo mzuri, ungeweza kusimama. Mara ya tatu nilikaa chini juu ya gunia la pumba, nikajitukana kwa Kifipa, kwa kuwa Kiswahili kilinipungukia.

Asubuhi nikafunga mashine. Wateja walinisonya, mmoja alikuwa na ulezi wa kipaimara cha mwanawe, nikamwambia aende kwa jirani. Nikapanda basi la Tunduma. Njiani nilikuwa nanoa ule uongo wa nakala iliyochanika, nikiuongezea mahali niliposomea na mtu aliyeniazima. Tulipofika Laela ulikuwa umekamilika mpaka una jina la mtawa.

Zita alikuwa anageuza vitumbua. Aliniona, akaendelea kugeuza. Akanimiminia chai, akaweka vitumbua viwili kwenye sahani, akanisogezea kama anavyomsogezea abiria yeyote. Upepo ulikuwa unapiga turubai la kibanda, baridi ile ya mwezi wa sita inayoingia mpaka kwenye meno, na mimi nilikuwa natoka jasho.

Nikaanza. Nikamwambia, mwenzangu, kuhusu kile kitabu, unajua mimi zamani niliazimwa nakala na sista mmoja, na ile nakala...

Zita akafuta mikono kwenye kanga. Akainama chini ya meza, akakitoa kitabu kwenye mfuko wangu uleule wa unga, akakifungua mahali, akakiweka mbele ya chai yangu. Ukurasa wa sitini na moja, kidole changu cha ulezi kwenye kona. Akafunua upande wa pili: sitini na mbili, karatasi safi.

"Shuleni ulikuwa unatunga mwisho," akasema. "Nilijua, Coleta. Gazeti nililiona limechanika. Nilikuwa nanyamaza kwa sababu ulikuwa unautunga kwa ajili yangu, na kila mara ulikuwa mwisho mzuri. Safari hii niliomba kitu kimoja tu. Kifo cha yule fundi nimekivumilia. Kilichoniuma ni kwamba niliamini umekaa ukanichagulia."

Yule sista na nakala yake wakafia mdomoni mwangu. Nilisema sikukisoma. Nilisema nisamehe. Maneno mawili tu, na yalinitoka kwa shida kuliko hotuba zangu zote za grupu.

"Soma," akasema Zita. "Kuanzia hapo. Kwa sauti, nina kazi ya mikono."

Basi nikasoma. Nimekaa kwenye benchi la abiria, mtu mzima na miwani yangu, nasoma kama mtoto wa darasa la tatu aliyeitwa mbele. Kulikuwa na wanaume wawili wanaosubiri gari na mama mwenye kuku kwenye kikapu, wakaanza kusikiliza. Kwenye ukurasa wa sabini yule fundi anamficha jogoo ndani ya koti la kanisani, na jogoo anawika wakati wa mahubiri. Wale wanaume walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Zita naye alicheka, mgongo umenigeukia, nikaona mabega. Nilifurahi kipumbavu. Nikaongeza madoido, nikamwigiza padri. Nikasahau ninaelekea wapi.

Themanini na nne ilinikuta hivyohivyo, na sauti ya padri mdomoni. Fundi anaamka Jumatatu anashika tumbo. Mkewe anamwambia aache kudeka, amekula sana. Nikasoma sentensi hiyo na kidole kikabaki hapohapo. Nilimkumbuka Zita kwenye msiba, anarudia jambo moja tu kwa kila aliyeingia, kwamba Jumatatu alimwambia Yohanes aache kudeka. Nilikuwa nimekaa pembeni yake siku nne nikilisikia. Nikaanza kulia pale mbele ya watu wa kituoni, na yule mama mwenye kuku akageuza uso kwa heshima.

Zita akasogeza kikaango pembeni ya moto. Akakaa kwenye benchi kando yangu, tulivyokuwa tunakaa kwenye dawati, akakichukua kitabu mkononi mwangu na kuendelea yeye. Alisoma polepole, bila kutetemeka, Jumanne, Jumatano, mpaka mke anarudi nyumbani peke yake na kumkuta jogoo amelala kwenye kiti cha mumewe. Alisoma mpaka ukurasa wa tisini na moja. Hapo basi la kurudi Sumbawanga likapiga honi, na vitumbua vilikuwa vimeungua upande mmoja.

Akakifunga, akakitia kwenye mfuko, akanipa. Akaniambia yeye alishakimaliza peke yake, na kwamba nami nikimaliza nikirudishe. Hakusema amenisamehe. Nilimwuliza kama nimrudishe kwenye grupu, akasema tutaona, akaenda kuangalia moto wake.

Ndani ya basi nilifungua simu. Masunga alikuwa ameuliza kwenye grupu, kwa unafiki wake mtamu, Kitabu Uchi hatimaye kina debe ngapi. Watu tisa walikuwa wanasubiri Mama Maktaba aseme. Niliandika nikafuta, nikaandika nikafuta. Mwishowe nikatuma hivi: "Sijui. Niko ukurasa wa tisini na moja. Na vingine kumi na vinne nilivyowapa lumbesa sikuvimaliza, orodha naileta." Nikaileta kweli, jina kwa jina.

Kisha Mwalimu Cleophas akaandika kwamba katika orodha nimekosea herufi mahali pawili. Masunga akatuma sauti, na ndani yake hakukuwa na neno, kicheko tu, sekunde arobaini, na kwa mbali ng'ombe wanalia. Jina la Mama Maktaba nililiondoa mwenyewe kwenye wasifu. Siku hizi wananiita Sitini na Moja.

Kitabu nilikimaliza Alhamisi. Siwaambii mwisho wake, kwa mara ya kwanza ninaujua na ninaunyamazia. Nilikisomea palepale kwenye kiti changu, mashine inaunguruma, sikunawa mikono. Nikakifunga kwenye mfuko, nikampa kondakta, na namba ya gari nikamwandikia Zita pembeni. Alijibu neno moja, kwamba amepokea. Baada ya siku tatu nyingine akaongeza: "Nimeuona unga. Niunganishe."

Nikamuunganisha. Shikamoo zikapita, marahaba zikapita, pole na karibu zikapita. Halafu Zita akaandika: "Naomba kitabu. Mtu akifa si neno. Ila anijibu aliyekisoma mpaka mwisho."

Vidole viliniwasha. Nilikuwa na majina matatu tayari, na kichekesho cha kuanzia. Niliisikia ile dakika yangu inapita, na Mwalimu akaanza kuandika, nikaona jina lake juu ya skrini linaandika, linaacha, linaandika. Nikaitumbukiza simu kwenye mfuko wa aproni, nikafungua kitabu kilichokuwa magotini, kimoja cha ile orodha ya aibu. Nilikuwa nimefika ukurasa wa thelathini na nane.